Wenzangu Waliponinyamazia

Amani iwe kwenu nyote, wazee wetu, mama zangu, na ninyi wazazi mliotembea kutoka Mbalizi asubuhi hii na tope lote hili. Nimeombwa nisimame nishuhudie, nami nimekubali. Ubaoni huwa nina maneno mengi, wanafunzi wangu watawaambia, lakini hapa mbele yananikimbia. Mnivumilie.

Sitamtaja mtu kwa jina. Mhehe nitamwita Mhehe, mwalimu nitamwita mwalimu. Wengine bado wako hai, na mmoja wao anaweza kupita na basi hapo barabarani wakati mimi nazungumza habari zake.

Najua pia kwa nini leo tumejaa hivi, maana Jumapili ya kawaida hatujai hivi. Mmesikia kwamba kule shuleni, kila Jumamosi baada ya usafi, nawakalisha wanafunzi wa darasa la tisa na la kumi kwenye nyasi, wanakula viazi vya kuchemsha kwenye sinia moja na kuambiana yaliyo moyoni. Baba mmoja alinijia shuleni akaniambia usoni, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome hesabu. Soga atapiga nyumbani." Baada ya ibada mtakaa, mtaamua kama kikao kile kiendelee au kife. Ni haki yenu. Ninachoomba ni kwamba kabla hamjaamua mjue kilitoka wapi, kwa sababu bila kikao cha namna ile mimi nisingekuwa mwalimu wa mtu yeyote.

Mimi ni Mnyakyusa wa milimani, kule Rungwe, mtoto wa migombani. Baba alikuwa Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, akija nyumbani kama mgeni, anakaa kidogo, anarudi. Aliyenilea ni mama. Nilipochaguliwa kwenda sekondari upande wa Iringa, mama alifurahi mpaka akasahau kwamba maana yake naondoka. Alikumbuka siku ya basi, akanishika sikio badala ya kunishika mkono, akasema, "Kaa na watu. Usikae kama jiwe mtoni."

Bwenini kitanda kilichofuata changu alilala Mhehe. Siku ya kwanza hatukupendana. Yeye aliniona mpole mno, mimi nilimwona mkali mno, na wote wawili tulikuwa tunaongea Kiswahili cha kuokota. Lakini kila asubuhi, hata kabla hajafungua macho vizuri, alinisalimu kwa lugha yake, "Kamwene!" Mimi sikuwa na la kufanya ila kuitikia, "Kamwene." Tukawa marafiki kwa njia hiyo tu, salamu ya kila asubuhi.

Mama alipojua nina rafiki, akawa anapata mtu wa basi wa kuniletea mzigo wa ndizi, na daima alituma maneno, "Chane moja ya mkungu huu ni ya yule mwenzako asiyejua chakula." Maana Mhehe alikuwa amesema ndizi za kupika si chakula, ni kitu cha kuchezea mdomo wakati unasubiri ugali. Alisema hivyo huku anakula. Akimaliza anauliza kama zipo nyingine.

Ndugu zangu, nawaambia haya madogo ili muelewe lililofuata.

Ilikuwa darasa la kumi, mwaka wa mtihani, wakati wa masika. Hedmasta wetu, Mwingereza mmoja mrefu, aliniita ofisini. Alisimama. Kwa kawaida hakusimama kwa ajili ya mwanafunzi. Akasema kwa Kiswahili chake cha kunyoosha, "Mama yako amekufa. Pole sana. Amekwisha zikwa. Barabara imekatika kwa mvua, huwezi kufika sasa. Huu ni mwaka wa mtihani. Mama yako angependa usome." Akanipa mkono. Nikatoka nikaenda darasani, nikakaa, nikafungua kitabu cha jiografia mahali palipokuwa na ramani ya nchi ambayo mpaka leo sitaki kuiona.

Sasa sikilizeni. Wanyakyusa mliomo humu hamhitaji kuelezwa, lakini wenzetu Wasafwa na Wabena wasikilize. Kwetu mtu akifiwa hapewi nafasi ya kuwa peke yake. Watu wanakuja. Wa karibu, wa mbali, hata yule mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba anakuja, anakaa chini. Asiyekuja anatafutwa. Ataulizwa, "Una nini na watu hawa hata msiba wao usiuone?" Kutokuja ni tangazo. Ni kusema waziwazi kwamba nafsi yako imefurahi.

Basi mimi nikakaa bwenini nikasubiri waje.

Hawakuja. Nilipoingia, mazungumzo yalikatika. Nilipokaa mezani, vijana waliinamia sahani zao. Asubuhi nilifungua macho nikamtazama Mhehe, naye akaamka, akavaa kaptura, akatoka bila kusema kitu. Kesho yake vilevile. "Kamwene" ikafa pamoja na mama yangu.

Nilihesabu wote kuwa maadui. Moyo wangu ulisema: wanajua, na wamefurahi. Nikafikiri labda wanasema ni mimi nimeleta laana, labda wananionea wivu wa alama za hesabu, labda Mhehe alikuwa rafiki wa ndizi tu. Mtu aliyefiwa akiachwa peke yake na mawazo yake, mawazo yanapika chochote na kumlisha. Mimi nilikula vyote.

Nikanyamaza na mimi. Mwanzoni niliwanyamazia wao kwa hasira. Halafu nikagundua sauti yenyewe haitoki hata nikiitaka. Mwalimu akiuliza swali, nalijua jibu, nakaa kimya. Nikipewa karatasi ya jaribio, naandika jina na kuirudisha. Kule bustanini, ambako kila mwanafunzi alikuwa na matuta yake ya viazi ya kupalilia, sikwenda tena. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Na machozi hayakutoka hata tone. Jambo hilo liliniogopesha kuliko yote, kwa sababu niliamini mtoto asiyemlilia mama yake ameharibika ndani.

Hedmasta akaniita tena. Safari hii alikaa. Alisema mimi mgonjwa, nirudi nyumbani nikapumzike, na mwakani wataangalia kama nafasi ipo. Ninyi wazazi mnajua nafasi za sekondari zilivyo. Nyuma yangu walikuwa wanasubiri watoto wa nchi nzima. Kurudi nyumbani maana yake ilikuwa kurudi moja kwa moja, nikamfuate baba machimboni. Nilielewa vizuri, na sikuwa na nguvu ya kusema hata "tafadhali".

Alichaguliwa mwalimu wa jiografia anisaidie kurudisha vitu vya shule kabla ya basi la Jumatatu. Alikuwa Mbena, mtu wa maneno machache, na sisi wanafunzi tulisema anapenda mito ya Amerika kuliko watu. Tulirudisha blanketi, tukarudisha sahani, likabaki jembe, na jembe langu nilikuwa nimeliacha bustanini siku nyingi. Tukaenda kulitafuta.

Nilipofika kwenye matuta yangu nilisimama. Nilitarajia msitu, maana mvua ilikuwa haichezi. Nikakuta udongo mweusi, safi, umepandishiwa vizuri kwenye mashina. Hakuna jani la gugu. Matuta ya jirani yalikuwa na majani, yangu hayana.

Ndugu zangu, mtu mwingine angefurahi. Mimi natoka Rungwe, mahali ambapo ardhi ni finyu na watu wananuniana miaka kwa ajili ya mstari mmoja wa migomba. Nilijua maana yake mara moja. Nikapiga kelele, na hiyo ndiyo sauti yangu ya kwanza baada ya muda wote ule: "Hata hawangoji niondoke! Wamekwisha gawana matuta yangu!"

Yule mwalimu hakuniambia nyamaza. Hakuniambia niwe mwanaume. Alijikalia juu ya tuta lenye unyevu, na suruali yake safi, akaniuliza, "Kwenu mtu akifiwa, watu hufanyaje?"

Nikasema, "Wanakuja. Wanakaa."

"Na hapa amekuja nani?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwalimu. Wamefurahi."

Akafikiri kidogo. "Mimi mwenyewe sikuja," akasema. "Na sikufurahi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mara tukamwona Mhehe anakuja kwa njia ya bustanini na jembe begani. Alipotuona akataka kugeuka. Mwalimu akamwita. Akaja, akasimama anatazama miguu yake.

"Nani amelima hapa?" mwalimu akauliza.

"Mimi."

Nikamrukia kwa maneno. "Kwa nini unachukua matuta yangu?"

Aliinua macho kana kwamba nimempiga. "Sichukui! Kwetu aliyefiwa hashiki jembe. Tunamlimia mpaka moyo wake urudi. Wewe ulitaka nikuache majani yakuzidi?"

"Mbona hukusema?"

"Tulikatazwa. Hedmasta alitukusanya siku ile ile, akasema yeyote asikutajie msiba, tukuache usome. Kiranja akasema atakayekutajia ataandikwa jina."

"Hata Kamwene mlikatazwa?"

Hapo Mhehe, yule mkali wangu, akashusha jembe begani. Akasema, "Ile niliacha mwenyewe. Nikikusalimu nitakutazama, nikikutazama nitalia, na nikilia utakumbuka. Na mimi nilikula ndizi zake, bwana. Alikuwa ananitumia na mimi."

Mnanielewa, ndugu zangu? Wiki zote zile nilikuwa nimekaa na adui ambaye hakuwapo. Wenzangu walikuwa wananyamaza kwa wema, wakiona ndivyo wanavyonisaidia, na mimi nilikuwa nazama katika wema huo huo. Hakuna aliyenichukia. Hakuna pia aliyejua jinsi ya kunijia, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kijana wa pale mambo hayo. Tulifundishwa milima ya Ulaya na kipeo cha pili, tukafundishwa kupanga foleni na kupiga saluti. Namna ya kumwendea mwenzako aliyeumia, hilo kila mtu alikuja nalo kutoka kwao kwa lugha yake, na pale shuleni zile lugha hazikuwa zimekutana.

Mwalimu alimtuma Mhehe kuwaita wa bweni letu. Wakaja, wengine na mafagio mikononi maana walikuwa kwenye usafi. Mwalimu akawaambia, "Kaeni chini. Kwao watu wanakuja na kukaa." Wakakaa kwenye matuta, wakajipaka matope kaptura nzima. Kila mmoja akasema alichoweza. Msangu mmoja alisema hajui msiba unasemwaje shuleni, kwa hiyo atausema kama nyumbani, akausema kwa Kisangu, sikuelewa hata neno na nilielewa yote. Kiranja alisema nimsamehe kwa lile la kuandika majina. Mmoja zamu yake ilipofika alikohoa tu, akashindwa. Yule ndiye aliyefungua mlango. Nililia, wazee wangu, nililia mpaka nikashika udongo. Hakuna aliyeniambia nyamaza.

Jioni ile mwalimu alikwenda kwa hedmasta, na mimi nikaitwa mara ya tatu. Nilidhani nitaadhibiwa. Yule mzee alikuwa amevua miwani. Akasema, "Kwetu mtu akifiwa tunamwacha peke yake. Ni heshima. Mama yangu alipokufa mimi nilikuwa mbali, na hakuna aliyenitajia. Nilidhani nakupa kitu kizuri." Nikamtazama, nikaona kwamba naye hakuna aliyekuja kukaa naye. Nikasema, "Pole, bwana." Ilinitoka tu. Akavaa miwani yake, akasema sanduku langu nilirudishe bwenini.

Hivyo ndivyo nilivyobaki.

Tangu hapo yule mwalimu akaanzisha kikao cha Jumamosi. Jikoni walitupa viazi, tukala sinia moja. Masharti yake yalikuwa mepesi kusema na magumu kutenda. Anayesema asikatizwe. Anayesikia asikimbilie kutoa dawa, kwanza aulize, "Unataka nikusaidie au nikusikilize?" Mwenye hasira aseme nimekasirishwa na jambo fulani, asianze na kabila la mtu. Hili la mwisho lilitutesa, maana sisi tulikuwa hodari wa kumaliza ugomvi wowote kwa kutaja kabila la mtu. Wiki za kwanza kikao kilijaa watu wanaoanza, "Ninyi Wa..." na kumeza maneno yao kama dawa ya minyoo. Hedmasta alikuja kutukagua akiwa amesimama na mikono mgongoni. Wiki iliyofuata alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Viazi hakula, lakini alikaa.

Mtasema, je, hesabu? Ahsanteni kwa kuuliza, nilijua mnalo hilo. Niliufanya mtihani na nikafaulu, si kwa kuongoza darasa, ila nilifaulu, ndiyo maana nimesimama hapa na chaki imeniganda kwenye kucha. Wala mimi si malaika wa vikao. Ninayo bado hasira ya karibu, mke wangu yupo pale nyuma, anatikisa kichwa. Tofauti ni kwamba sasa naijua inapokuja, na naweza kusema, "Nipe nafasi kidogo," kabla sijavunja kitu.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani kwenye msiba wangu uliopoa. Nilikuwa naogopa. Nilijua watauliza kwa nini mtoto hakuja kumzika mama yake. Mhehe akasema, "Nakwenda nawe." Nikamwambia huko ni mbali na Iringa, tena hajui lugha. Akasema, "Kukaa chini kunahitaji lugha?"

Tukafika. Baba alikuwa ametoka Makongolosi, ameketi mlangoni. Mama zangu wadogo walikuwa ndani. Walinitazama kwa macho yale yale niliyoyaogopa. Kabla sijafungua mdomo, Mhehe alipita mbele yangu, akaingia, akaenda akakaa chini kabisa, juu ya majani makavu ya migomba waliyotandika wanawake, akainamisha kichwa. Mama mdogo akaniuliza kwa Kinyakyusa huyu ni nani. Nikasema, "Ni yule asiyejua chakula."

Nyumba nzima ililia upya. Walimjua! Mama alikuwa amewasimulia. Baba aliingia akakaa kati yetu, akanishika goti, akasema, "Na mimi nilichelewa, mwanangu." Tulikuwa hatujawahi kuongea namna ile, mimi na baba. Kuanzia siku ile tukaongea.

Wazazi wenzangu, namalizia, naona mama mmoja anatazama jua. Watoto mliotuletea wametoka Ilomba, wametoka Chunya, wametoka Njombe na Tukuyu. Wamebeba mambo ambayo hamyajui na sisi walimu hatuyajui. Yupo ambaye baba yake amehama nyumbani. Yupo anayechekwa kwa sababu ya Kiswahili chake. Wamekaa benchi moja, na kila mmoja anadhani ukimya wa mwenzake ni chuki. Hesabu nitawafundisha, nawaahidi, tena kwa ukali. Lakini mniachie na zile Jumamosi, niwafundishe kusema "nimeumia" bila aibu, na kumwendea aliyeumia hata kama hawajui waseme nini. Mtoto wa kwanza kati yao atakayefiwa, nataka apate watu waliojipaka matope.

Namshukuru Mungu aliyenitunza nilipokuwa sitaki kutunzwa. Namshukuru mwalimu aliyekubali kuchafua suruali yake. Namshukuru yule mzee wa ndoo, popote alipo, na natumaini siku yake ya msiba mwingine atampata mtu. Namshukuru mama, ambaye kwa mikungu ya ndizi aliniandalia ndugu kabla sijajua nitamhitaji. Na Mhehe wangu, ambaye mpaka leo tukikutana ananisalimu "Kamwene," halafu anangoja, haondoki mpaka nimwambie kweli nilivyo. Ndaga fijo, asanteni sana.

Sasa nakaa. Yule baba wa hesabu, nakuona, na najua una neno. Simama ulitoe lote. Hakuna atakayekukatiza, na mimi nitakuwa wa kwanza kukusikiliza.